Baiskeli Aliyoiacha Ndayikeza

Esteri alijifunza kuendesha baiskeli akiwa mtu mzima, mke wa mtu, katika wiki ambayo mumewe alikuwa akifunga mizigo ya kurudi kwao Burundi. Alifundishiwa kwenye uwanja wa kanisa pale Kitahana, mchana kweupe, watoto wakishangilia na wanawake wenzake wakijishika midomo. Alianguka sana. Kila alipoanguka, Ndayikeza aliikagua baiskeli kwanza, kisha akamkagua yeye, na wote wawili wakacheka kana kwamba hakuna anayeondoka.

Walikuwa wamekutana kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, enzi zile soko lake lilipokuwa bado limechangamka. Esteri alipeleka ndizi na unga wa muhogo. Ndayikeza alikuwa fundi baiskeli. Alikaa juu ya dumu la mafuta lililokatwa, mbele yake gunia limetandazwa, na juu ya gunia vipuri vya kila ukoo. Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Hata baiskeli yake mwenyewe aliiunga kwa mabaki: fremu nyeusi iliyokuwa ya marehemu mmoja, usukani wa baiskeli nyingine, tandiko la nyingine. Friwili, kile kipande cha meno kwenye gurudumu la nyuma kinachomruhusu mtu kutuliza miguu huku baiskeli ikiendelea, ilikuwa imekufa, na mpya hakuipata. Akaipeleka kwa mchomeleaji, ikachomelewa hadi ikawa kitu kimoja na gurudumu. Tangu siku hiyo baiskeli ile haikuwa na mapumziko. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako nayo inazunguka, upende usipende. Mteremkoni uliizuia kwa kukaza mapaja, ukisaidiwa na breki moja tu ya mbele, ambayo mkono wake, kile chuma unachokibana kwa vidole, ulishikiliwa na msumari badala ya pini.

Ndayikeza alimuoa Esteri kwa kulima shamba la mama mkwe msimu hadi msimu, maana mahari nyingine hakuwa nayo. Kisha kambi ikafungwa. Watu walihamishwa, wengine wakarudi makwao, na yeye akapata habari kwamba huko kwao Gisuru baba zake wadogo walikuwa wakigawana shamba la marehemu baba yake.

"Nikichelewa, nitakuta wamepanda mpaka mlangoni," alimwambia Esteri. "Wacha niende nilishike. Nikishalishika, nakuja kukuchukua."

"Na baiskeli?"

"Inabaki na wewe. Utaitunza."

Mama yake Esteri, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Melkiadi kwa jina la mwanawe mkubwa, alimfariji binti yake jioni ile kwa maneno ambayo baadaye alitamani angeyameza. Alisema mwanamume haachi baiskeli mahali ambapo hana nia ya kurudi.

Basi Esteri akabaki na baiskeli. Asubuhi alifunga mikungu ya ndizi kwenye karia, akaisukuma mlimani, akaipanda kwenye tambarare, akateremka nayo mpaka sokoni Kibondo akiwa amekaza mapaja kama mtu anayemzuia ng'ombe mkaidi. Na Jumapili, baada ya ibada, Ndayikeza alipiga simu. Huko kwao kulikuwa na kilima ambacho ukikipanda unaunasa mtandao wa Tanzania, na laini yake ya zamani ilikuwa bado hai. Alihema kwanza, kisha akauliza, "Baiskeli inaendeleaje?"

Mwanzoni matatizo yalikuwa ya kweli. Cheni ililegea, naye akamwelekeza kwa simu: legeza nati zote mbili za nyuma, vuta gurudumu, hakikisha limekaa katikati, kaza kidogo huku kidogo kule. Gololi za mbele zilikwaruza, akamfundisha kuzitoa, kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzipanga upya kwenye grisi kama punje za mahindi. Esteri alishika simu kwa bega na spana kwa mkono. Vidole vyake vikawa na weusi usiotoka hata kwa majivu. Ulikuwa muda wake mtamu kuliko wote wa wiki nzima, kwa sababu Ndayikeza, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mzito wa maneno, akiulizwa habari ya baiskeli alifunguka kama bomba. Na akishamaliza baiskeli, wakati mwingine ulimi ulibaki wazi, akasema amemkumbuka.

Lakini baiskeli iliyotunzwa vizuri haiharibiki kila wiki. Ikafika Jumapili haina kasoro yoyote.

"Inaendeleaje?"

"Nzuri tu."

"Haya. Mungu asaidie. Msalimie mama." Na simu ikakatika.

Esteri alisimama uani na kimya kile mkononi. Jumapili iliyofuata alisema mpira wa breki unalia. Haukuwa unalia. Ndayikeza alieleza kwa kirefu, akamuuliza kama amekula, akamsimulia jinsi baba yake mdogo alivyong'oa mipaka. Basi njia ikawa hiyo. Wiki hii njiti ya gurudumu imelegea, wiki ile pedali inayumba. Mama Melkiadi alimwona binti yake ameinama juu ya baiskeli nzima, anaitikia "ego, ego, nimeikaza," ilhali hana hata spana. Mwenye macho haambiwi tazama. Mama akaingia jikoni.

Uongo una ukomo wake kama kibaba cha unga. Jumapili moja, Esteri alikuwa ameishiwa. Akakumbuka maneno aliyoyasikia sokoni kwa waendesha baiskeli wengine.

"Friwili inakwama," alisema. "Inapiga ta-ta-ta."

Upande wa pili palikuwa na upepo tu wa kilimani.

"Esteri," Ndayikeza alisema mwishowe. "Baiskeli yetu haina friwili. Niliichomelesha mwenyewe ukiwa umesimama pembeni yangu."

Esteri aligeuka kulitazama gurudumu la nyuma.

"Na ile pedali ya juzi? Na njiti?"

"Nilitaka uongee," alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtoto.

Alitegemea atacheka. Hakucheka. "Usinifanyie hivyo," alisema polepole, si kwa hasira. "Nikishuka hapa huwa nafikiria hiyo baiskeli njia nzima."

"Shamba umelipata?"

"Nimelipata."

"Basi utakuja lini?"

"Mvua ikikatika," alisema, akatuma salamu kwa mama, akakata.

Mvua ilikatika, ikarudi, simu zikawa za kudokoa. Jumapili mbili kimya, moja anapiga, nyingine mtandao mbovu. Esteri aliendelea na biashara yake, ila jambo moja lilikuwa limemharibikia bila yeye kujua. Kwa miezi mingi alikuwa ametunga milio ya baiskeli hata sikio lake likaacha kuuamini mlio wowote. Cheni ilipoanza kweli kugonga juu ya meno yake, alidhani ni mawazo. Msumari wa breki ulipoanza kucheza kwenye tundu lake, aliugonga kwa jiwe akaondoka.

Siku ya tukio, barabara ilikuwa na utelezi wa mvua ya asubuhi. Alikuwa kwenye mteremko mrefu unaoingia Kibondo, ndizi zimejaa nyuma, miguu yake ikikaza kama kawaida, pale cheni ilipochomoka. Ghafla pedali zikawa nyepesi, hazishiki kitu. Miguu iliyokuwa breki yake haikuwa breki tena. Akaubana mkono wa breki kwa vidole vyote. Msumari ukaruka, chuma kikabaki kinaning'inia mkononi. Aliona mwanamke mbele yake amebeba kuni, akapiga yowe, akageuza usukani kuelekea mtaroni.

Waliomwokota walisema ndizi zilitapakaa mpaka ng'ambo ya barabara. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika vibaya, na shavu limechunika. Dereva wa bodaboda alimpakiza mbele ya mama mmoja aliyemshikilia, wakampeleka hospitali.

Jioni hiyo, akiwa ameshafungwa plasta, aliomba simu yake. Ndayikeza aliwahi kumpa namba ya Burundi, akamwambia ni ya shida kubwa tu, maana kuipigia ni ghali. Esteri aliona shida imefika. Iliita muda mrefu.

"Ni nde?" Sauti ya mwanamke iliuliza ni nani, sauti ya kijana, iliyochoka.

Kirundi na Kiha cha kwao Esteri ni ndugu wa tumbo moja, na Esteri aliielewa kila silabi. Baadaye alisema siku hiyo angependa awe amezaliwa pwani, asielewe kitu.

"Namtafuta Ndayikeza."

"Yuko shambani. Mimi ni Ange, mke wake. Nimwambie nani?"

Nyuma ya sauti ile mtoto mchanga alilia, Ange akambembeleza, kisha akarudi kwenye simu. Pengine naye alikuwa ameanza kuelewa, kwa sababu aliuliza, taratibu kabisa, "Ni wewe mwenye baiskeli?"

"Ni mimi."

"Huwa anakuja akitabasamu akishuka kule kilimani," Ange alisema. "Mimi niliambiwa anaongea na dada yake."

Esteri aliutazama mkono wake mweupe wa plasta. Hakuwa na ugomvi na binti yule; alitafuta hasira akaikosa. "Mwambie baiskeli imeanguka," alisema. "Na mimi nimeanguka nayo."

Mkono ulipona kombo. Ngumi haikufunga tena vizuri, na baridi ya asubuhi za Kibondo ilimtafuna kwenye mfupa. Baiskeli iliyorudishwa na vijana ililala nyuma ya nyumba, usukani umepinda, majani yakaanza kuota katikati ya njiti. Mama Melkiadi alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Lione hilo," alisema. "Lilikuwa limeshakuua."

"Halikuniua, mama. Nalihitaji. Ndizi hazitajibeba."

Mavuno yalipopita, Esteri alikwenda dukani kwa Hashimu, muuza vipuri mjini Kibondo. Alitaka gurudumu zima la nyuma, lenye friwili inayoachia, na breki za waya za mbele na nyuma, mikono yote miwili ya kubania ikiwa mipya.

"Dada, nikuitie fundi?" Hashimu alimuuliza akiutazama mkono wake.

"Fundi alikwisha kuwepo," Esteri alisema. "Nifungie tu mzigo."

Kazi ya siku moja ilimchukua karibu mwezi. Mkono wa kushoto ulijifunza spana upya. Nati zilizoshikwa na kutu alizimwagia mafuta, akazirudia kesho yake. Aliponyoosha usukani alilia, kwa maumivu na kwa mengine. Mikono ya breki aliifunga karibu sana na mwisho wa usukani, ili vidole visivyokunja vizuri viweze kuifikia. Gurudumu la zamani alilitupa kwenye chuma chakavu kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya kwanza aliposhuka mteremko miguu ikiwa imetulia, pedali zikiwa zimesimama, alishikwa na hofu. Ilikuwa kama kukaa juu ya kitu ambacho hakimjui. Alibana breki njia nzima.

Simu ililia Jumapili moja ya kiangazi. Kuhema kulikuwa kulekule.

"Baiskeli inaendeleaje?" Ndayikeza aliuliza.

"Inatembea."

Alisubiri. Esteri alimsikia anavyosubiri, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba hata yeye kule juu alikuwa akiuhitaji ubovu ule. Angeweza kumpa. Mlio wowote ungetosha.

"Haina tatizo," alisema.

"Esteri, Ange alinieleza..."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Basi shuka, usimwache mama yake na kazi peke yake."

Alirudi uani. Mama Melkiadi alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, na hakuinua kichwa.

"Amesemaje?"

"Ameuliza baiskeli."

Esteri alipoketi, mama aliusogeza ungo wa maharage upande wa mkono mzima wa bintiye.