Pamba Shavuni Siku ya Koito

Ningewaficha aibu hii, lakini ukoo mzima wa kina Chebet tayari unaisimulia huko Sigowet, basi afadhali mnisikie mwenyewe.

Ufizi wangu ulikuwa umevimba. Daktari wa meno mjini Kericho alichungulia, akasema kuna ugaga mwingi na mwili umetuma askari wake, zile seli nyeupe za damu, wapigane na vijidudu. "Shida ni kwamba vita haviishi," alisema, "na hao askari wakizidi huanza kubomoa nyumba wanayoilinda, mpaka mfupa. Tusafishe leo." Mimi (mwandishi wa riwaya, na muoga wa sindano) nikasema kesho ni koito, naenda kumposa Chebet, tutasafisha baadaye. Nikaponda karafuu, nikaifunga kwa pamba, nikaifinyilia shavuni.

Sasa nioneni: sebule ya kina Chebet imejaa wazee wa kanisa, nje mashamba ya chai yameloa mvua, yanametameta kama mgongo wa samaki, na mimi mposaji nimekaa kimya, shavu limetuna, natabasamu midomo ikiwa imefungwa.

"Huyu kijana anatafuna nini?" mamake Chebet akauliza.

Ningesema tu "jino" na yangeisha. Lakini anko Kipngeno, ndugu ya mama yangu, akaruka kunitetea: "Sisi si watu wa miraa." (Hakuna aliyekuwa ametaja miraa.) Anko mwingine akasimama kumuunga mkono, kisha wa tatu, wakanyoosheana vidole na wenyeji, mpaka kiwiko cha mmoja wao kikaangusha kibuyu cha mursik na maziwa yakatiririka juu ya kitambaa cheupe hadi kwenye viatu vya pasta. Nikamkumbuka daktari. Askari wangu walikuwa wanabomoa ndoa yangu.

"Anko, kaeni, tafadhali," nikapaza sauti, na pamba ikachomoka, ikatua kwenye kikombe cha mamake Chebet.

Mama huyo akaiopoa kwa kijiko, akainusa. "Karafuu. Hebu fungua mdomo."

Nikafungua mbele ya koo mbili, akanimulika kwa tochi ya simu.

"Woi, mtoto wangu, si ungesema? Enda usafishwe. Mkirudi tutaongea mambo ya ng'ombe."

Chebet alicheka mpaka akashika ukuta.

Tuliporudi, hata salamu haikutangulia. "Fungua," akasema mamake Chebet. Nikafungua, akamulika, akaita chai. Anko Kipngeno bado anadai yeye ndiye aliyeniokoa. Mimi nimeapa: nikiulizwa kitu, nitajibu mwenyewe kabla anko hajainuka kitini.