Emelyne na Maharage ya Mtandaoni

Kijiji kizima cha Litapunga kilijua kwamba ukitaka maharage ya njano ya kupanda, yale yenye kijicho cheusi, huendi dukani. Unaenda kwa Emelyne. Na huendi na hela, unaenda na ungo mtupu. Unakaa, unaulizwa habari za watoto, ndipo anaingia ndani na kutoka na ndoo yake. Anapepeta majivu anayohifadhia mbegu, anakuwekea maharage kidogo kiganjani kabla ya kujaza ungo, halafu anakuambia maneno ya marehemu mama yake, aliyetoka Burundi na mbegu hiyo ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge: "Yakikataa kuota, rudi uchote ya kwangu."

Usidhani ilikuwa ni porojo. Mtu akirudi akasema yamekataa, Emelyne hamuulizi alipanda lini wala mvua ilinyesha vipi. Anachota. Nawe ukivuna unamrudishia alichokupa na nyongeza kidogo, yaani wala hakuna wa kukudai. Ndiyo maana hata wazee wa kanisani walimwita Mama Mbegu, naye jina hilo alilipenda jamani, alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Sasa, mumewe Rénovat ana mdogo wake wa kike anaitwa Prisila. Huyu Prisila si wifi wa kusalimiana kwenye misiba tu. Emelyne alipoolewa alimkuta bado binti mdogo hana mama, akamlea. Alimsuka, alimuuguza, alimnunulia sare za shule kwa maharage yayo hayo. Prisila akakua, akahamia Mpanda mjini, akafungua biashara hii ikafa, ile ikafa. Siku moja akaja Litapunga na simu kubwa ya tachi.

"Wifi, wakulima wote siku hizi wako mtandaoni," alisema. "Kuna watu wanauza alizeti huku wamelala. Wewe una mbegu kama hii, umekaa nayo kwenye ndoo!"

Emelyne alicheka. Yeye alikuwa na kitochi cha kupigia na kupokea, na hata hicho chaji ilimshinda. Lakini ni Prisila anayesema, na kwa Prisila hakujua kukataa. Akajifunga kitenge kipya, akakaa mlangoni na ndoo yake.

"Haya, sema kama unavyosemaga kwa watu."

"Nitasemaje? Namwekea nani kiganjani?"

"Niwekee mimi." Prisila akanyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Emelyne akamwekea maharage, akamtazama wifi yake kwa upendo, akayasema yale maneno yote.

Hapo ndipo alipokosea. Utasema, mtu mzima anaahidije mbele ya simu? Lakini yeye hakuahidi simu, bwana! Aliahidi kiganja alichokiona, cha mtoto aliyemlea. Angejuaje kwamba wanaoangalia wataona kiganja tu, kila mmoja akadhani ni chake?

Video ilikwenda. Odeta, jirani yake, alimletea habari mbio mbio kwamba sasa yeye ni staa, anaonekana mpaka kwenye kundi la WhatsApp la wakulima la Kigoma huko. Emelyne akaona raha, tusidanganyane. Prisila akawa anakuja, anachukua mbegu, anaacha sukari na sabuni, anasema wakulima wenzao wanaomba. "Wape," Emelyne alisema. "Ila uwaambie wazihifadhi kwa majivu." Mara Prisila akaacha kuja, na simu yake ikawa haipokelewi.

Mvua ziliposhika, pikipiki zikaanza kuingia uani.

Wa kwanza alikuwa Makarius, mkulima wa Mwamkulu, mtu wa makamo mwenye sura ya uchovu. Hakukaa. Alimwaga chini maharage aliyoyafukua shambani, yameoza, mengine yamebunguliwa hadi yamebaki maganda.

"Mama, nimepanda shamba zima. Hakuna kilichotoka."

Emelyne akainama, akaokota. Njano ilikuwepo, kijicho hakikuwepo. Haya yalikuwa maharage ya sokoni, ya kupika, tena ya zamani.

"Baba, haya siyo yangu."

Makarius akatoa simu, akaibonyeza, akamwelekezea. Ndiyo mara ya kwanza Emelyne kujiona. Kitenge ni kile kile, mlango ni wake, na sauti yake ikatoka wazi mbele ya watu waliokwisha kujazana: yakikataa kuota, rudi uchote ya kwangu. Chini yake pameandikwa namba ya Prisila.

"Huyu siyo wewe?" Makarius aliuliza. "Nilinunua kwa sababu ya maneno yako, mama. Nisingenunua kwa mtu mwingine."

Angesema nini? Angesema ni wifi yangu, nendeni mkamshike? Rénovat alikuwa amesimama nyuma yake, akamnong'oneza kwa Kirundi, "Usimtaje. Ni damu yangu. Waambie tu waondoke." Ehe! Huyo ndiye mume. Hakusema pole, hakusema dada yangu kakosea. Emelyne alimgeukia akamtazama, na Rénovat akaangalia pembeni.

Akaingia ndani, akatoa ndoo. Alimchotea Makarius. Akamchotea aliyefuata, na wa kesho yake, na wa keshokutwa, wote wamekuja na sauti yake mifukoni. Kila aliyechotewa alishukuru, na kila shukrani ilimchoma, kwa sababu alijua anachota mbegu ya shamba lake mwenyewe. Mwishowe mkono wake ukagusa majivu matupu.

Hakuogopa sana. Miaka yote amegawa, majirani wanayo. Akachukua ungo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaenda kwa Odeta.

Odeta akamshangaa. "Kwani wewe si ulimtuma Prisila? Alipita kila nyumba akasema Emelyne anakusanya mbegu yake, ana kazi nayo. Tulimpa yote, tena bure. Nani angekunyima wewe?"

Emelyne akageuka na ungo wake mtupu, akarudi nyumbani.

Kesho yake akapanda pikipiki kwenda Mpanda. Hakusumbuka kulitafuta duka la Prisila, maana uso wake mwenyewe ulikuwa umebandikwa juu ya mlango, mkubwa, unatabasamu. Ndani kulikuwa na magunia ya maharage ya sokoni, na nyuma ya kaunta pipa. Akalifunua bila kuomba ruhusa. Majivu. Akazamisha mkono, ukatoka na njano yenye kijicho cheusi.

"Wifi jamani!" Prisila alitoka chumba cha nyuma na kumkumbatia. "Karibu! Nilikuwa nakuja, kazi tu zimenibana."

"Watu wamekuja kwangu, Prisila."

"Nimesikia. Ulivyowachotea wameweka mtandaoni wenyewe, wanakusifia. Wifi, umetusaidia sana, tangu juzi simu hailali."

Emelyne alimtafuta yule mtoto aliyekuwa akimsuka, usoni mwa huyu mwanamke, akamkosa. Alikuja na matusi tayari, ya Kirundi na ya Kiswahili, na yote yakapotea. Akabaki na ungo wake.

"Sina cha kupanda," alisema. "Nimegawa yote. Majirani ulishawamaliza. Iliyobaki duniani ni hiyo pipani kwako."

Prisila akatazama pipa, akatazama ungo. Akafikiri kweli kweli, kama mtu anayetaka kutenda haki. Kisha akavuta mzani karibu, akauweka vizuri juu ya kaunta.

"Hiyo nimeiweka ya kuzalisha, bei yake iko juu," alisema kwa upole. "Ila kwa vile ni wewe, wifi, nitakupunguzia."