Mama Nyuzi na njia ya pili ya hospitali

Saa nne asubuhi, katika chumba kidogo cha mitambo nyuma ya hospitali, Mama Nyuzi ameshika waya mwembamba wa manjano. Akiuchomoa, njia kuu ya intaneti ya hospitali nzima itakatika. Naye amekuja kuuchomoa makusudi.

"Liwalo na liwe," anasema, akifuta jasho kwa mkono wa ovaroli.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa hawajaona wa kumfikia katika kuunga nyuzi za kioo zinazopitisha mtandao. Ameshinda mitaroni zaidi ya miaka kumi, jua lake, mvua yake.

Mwaka jana hospitali ilikuwa na nyaya mbili, moja ikifa nyingine ishike zamu. Lakini zote zililazwa mtaro mmoja. Tingatinga la barabara likapita nazo zote.

"Akiba tulikuwa nayo, ila tuliiweka mfuko uleule uliotoboka," anasema.

Mdogo wake ndiye mpiga picha za eksirei hapo, na picha husomwa na daktari bingwa wa mji mwingine. Siku ile hazikwenda. Majeruhi aliyevunjika nyonga ikabidi asafirishwe kwenye barabara ya mashimo, akilia njia nzima.

"Mdogo wangu akaniuliza, 'Dada, si mlisema ziko mbili?' Iliniuma sana."

Tangu hapo hakumpa pumzi mkuu wake katika kampuni ya mtandao, hadi njia ya pili ikachimbwa nyuma ya soko, ikavuka mto kwa daraja jingine. Njia hizo mbili hazikutani popote.

"King'ang'anizi huyu mama," anasema mkuu wake. "Nikimwona mlangoni, najua ni habari ya mtaro. Bila yeye tungelala usingizi wa pono."

Leo, kwa ridhaa ya wakubwa wa hospitali, njia hiyo ya pili inajaribiwa watu wakiwa kazini. Ikigoma, jasho lote limekwenda na maji.

Anachomoa. Taa moja ya mtambo inazimika, iliyo kando yake inaanza kumeta. Mara simu inaita. Ni mdogo wake.

"Dada, wagonjwa wamejaa na picha zinakwenda vizuri tu. Unakata saa ngapi, nijipange?"

"Nimeshakata, mdogo wangu. We endelea na kazi."

Anakaa juu ya sanduku la vifaa, machozi yanamtoka huku anacheka. "Najivunia. Nifiche ya nini?"

Zahanati ya ng'ambo ya mto bado ina njia moja tu, na mchoro wa nyingine ameshaupeleka kwa mkuu wake.

"Na kule nataka nikachomoe waya mchana kweupe," anasema, "na asijue mtu."