Kofia Tatu za Rafadha na Pengo Lisilohama

Saa mbili na nusu asubuhi. Juu ya meza mbili zilizounganishwa imelazwa ndege ya manjano inayonukia rangi mbichi. Ni ndege ya mfano, lakini si ya kuchezea. Toka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni karibu mita tatu, na injini yake huzungusha rafadha, yale mapanga ya mbele, mara elfu sita kwa dakika.

Mbele yake amesimama mama wa miaka arobaini na mmoja, jicho moja amelifumba. Mkononi ana kofia ya rafadha, kile kifuniko chenye ncha kinachokaa mbele kabisa ya ndege. Ni ya tatu tangu jana.

"Hii nayo imepinda," anasema. "Siku hizi hakuna anayetengeneza kitu kilichonyooka?"

Karakanani wanamwita Jicho. Kwa miaka kumi na sita alitengeneza cherehani, na sindano iliyopinda kidogo tu aliiona kabla mteja hajaketi. Lakini watu wakahamia nguo za dukani, wateja wake wakabaki wawili kwa wiki. Miezi mitatu iliyopita karakana hii, inayounda ndege za kufundishia wanafunzi wa ufundi, ilimchukua kwa majaribio.

Majaribio yanakwisha leo saa sita. Achague kofia, aifunge, injini iwake bila kutetemeka. Akiweza, anaandikwa fundi. Akishindwa, anarudi kwenye cherehani zake.

Kinachomsumbua ni pengo kati ya kofia na pua ya ndege. Upande wa kulia kadi haipiti. Kushoto zinapita sarafu mbili. Kofia zote tatu ni hivyo hivyo. Ya kwanza, ya alumini, iliyosubiriwa miezi miwili, jana aliipiga tupa kitakoni ili ikae sawa. Pengo halikuondoka, na kofia ndiyo imekwisha.

"Jicho, nenda kapimwe macho," fundi rangi anamchokoza kutoka kwenye kona yake.

"Wewe paka rangi, shemeji. Niache nichanganyikiwe kwa raha zangu."

Anaizungusha rafadha nusu mzunguko ili auone upande wa pili bila kuizunguka meza. Anasita. Anaizungusha tena, polepole. Kofia imegeuka, lakini pengo liko palepale, kushoto.

"Hebu ngoja," anasema. "Kama kofia ndiyo iliyopinda, si pengo lingezunguka nayo?"

Anampigia simu fundi mstaafu aliyeifunga injini hiyo, mzee wanayemwita Milimita, na kuiweka simu mezani wote wasikie.

"Shikamoo mzee. Injini yako imepinda."

"Marahaba, mwanangu. Haijapinda. Nimeigeuza kwa pembe ya nyuzi mbili kulia."

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa. Rafadha ikivuta kwa nguvu, ndege hukimbilia kushoto. Sasa injini inatazama kulia kuizuia."

"Kwa hiyo inapinda ili inyooke?"

"Hapo umeelewa."

"Sijaelewa, mzee. Nimerudia tu."

Mzee anacheka hadi anakohoa. "Pua nilimwachia atakayekuja nyuma yangu," anasema. "Ichonge ifuate injini. Usiiguse injini yangu."

Zimebaki kofia mbili. Ya plastiki ni nyepesi, lakini midomo yake inayopitisha mapanga ya rafadha ni myembamba, na panga moja linaigusa. Nyingine, ya alumini pia, ina midomo mipana ila imeizidi pua kidogo. Jicho anaziweka, anazitoa, anazirudisha. Mara mbili anashika ile ya plastiki na mara mbili anaiacha.

Mwishowe anachukua ya alumini. Anakata pete ya plaiwudi, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, anaigundisha puani na kuipiga msasa. Vumbi la manjano linamwagika sakafuni.

"Rangi yangu!" fundi rangi anapiga kelele. "Mama, haijamaliza hata siku mbili!"

"Nisamehe, shemeji. Pua ilikuwa inatazama kwingine."

Saa sita kasorobo msimamizi anaingia. Kabla hajauliza lolote, Jicho anampa ile kofia iliyopigwa tupa.

"Hii nimeiua mimi. Nilidhani imepinda."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu. Huku wananiita Jicho."

Ndege inatolewa uani na kufungwa mkia. Injini inakohoa, inakamata, inanguruma. Mapanga yanapotea machoni, na ncha ya kofia inatulia katikati kama nukta iliyochorwa. Msimamizi anaitazama kwa dakika nzima, kisha anafungua daftari la injini, ambamo mafundi huandika majina yao, na kumpa kalamu.

"Andika jina lako. Na chini yake andika kofia uliyoiharibu, na sababu. Wenzako wasome."

Anaandika yote mawili.

Baadaye, akinawa gundi vidoleni, anakiri kwamba habari ya nyuzi mbili bado haijamwingia kichwani. Ameelezwa mara nne. Ndiyo maana ameomba vipande vya plaiwudi vilivyobaki, ajenge ndege yake nyumbani, kila Jumapili kidogo.

"Injini nitaigeuza mwenyewe," anasema. "Kwanza kushoto, niione inavyopotea. Halafu kulia. Nikikosea, angalau nitajua nimekosea upande gani."