Kusindikizana kwa Baiskeli

Sijawahi kupenda baiskeli. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu tulioishi nao Makadara miaka ile ya sabini na themanini wataapa kwamba nilikuwa mgonjwa wa baiskeli, mtu wa kwenda na kurudi kila Jumapili mpaka jua lizame. Majirani waliulizana ninapeleka nini huko ninakokwenda, maana kwetu mtu akipanda baiskeli huwa ana gunia la makaa nyuma, au mikate, au maziwa, au mke wake. Keria yangu ilikuwa tupu kila mara. Watoto wa mtaa walinipigia kelele, "Buda, unapelekea nani upepo?" Nilikanyaga pedali nikapita. Utovu wao wa adabu ulinikera, na isitoshe sababu yangu isingewaingia akilini.

Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa Ukambani, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja hatua chache kutoka mahakamani. Mke wangu alikuwa nyumbani na shamba. Alikuja Nairobi mara moja, akakitazama kile chumba, kitanda na meza na jiko vikigombania nafasi, akasema hata kuku wake hulala mahali penye nafasi zaidi. Mvua ilipokaribia akarudi kupanda. Sikumlaumu, maana nusu ya wanaume wa mtaa ule waliishi hivyo, wakiwaona wake zao Pasaka, Agosti na Krismasi.

Siku za kazi nilizimudu. Jumapili ndiyo iliyonishinda. Kama hujawahi kukaa peke yako Eastlands saa tisa mchana siku ya Jumapili, usiniambie lolote kuhusu upweke. Ibada imekwisha, shati jeupe limetundikwa msumarini, redio ya jirani inatangaza mpira, na chapati zinanukia katika kila nyumba isipokuwa yako. Nilikuwa nikiosha sufuria safi ili mikono ipate kazi. Wakati mwingine nililala nikiwa nimevaa viatu, nikihesabu mabati, nikitamani Jumatatu ifike nikagombane na mkubwa wangu.

Jumapili moja ya namna hiyo niliondoka nikaenda soko la Burma kula nyama. Niliagiza robo kilo ya kuchoma. Mkata nyama aliitazama pale juu ya mizani, akanitazama na mimi.

"Mzee, hii robo nikiiweka kwa moto itakauka yote. Itabaki makaa. Ngoja."

Akamgeukia mwanamume mrefu aliyekuwa amesimama kando akiwa ameshika baiskeli, ambaye naye alikuwa ameagiza robo yake.

"Nyinyi wawili si muungane tu? Nusu inaweza kuchomeka vizuri. Hizi robo robo mnanisumbua bure."

Tukaunganishwa hivyo, na mtu aliyekuwa na kisu mkononi. Yule mrefu alikuwa mtu wa upande wa Kakamega, mfanyakazi wa reli, akiishi Makongeni. Mke na watoto wake walikuwa nyumbani kama wangu. Tulikula juu ya ubao mmoja, yeye akinisukumia mbavu, mimi nikimrudishia, mpaka zile mbavu zikapoa bila mwenyewe. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichowafanya watu wa meza nyingine wageuke. Nilikuwa na muda mrefu sijacheka, na siku ile nilicheka mpaka nikaona haya.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu. Tulikunywa chai, tukazungumza, na aliposimama kuondoka nikatoka naye. Kwetu mgeni haachiwi mlangoni, na kwao ni vivyo hivyo. Yeye alikokota baiskeli, mimi nikatembea kando yake. Tulipofika Jogoo Road ilimpasa apande aende zake, lakini alikuwa katikati ya hadithi. Tukaendelea. Nilipotanabahi, nilikuwa naziona nyumba za Makongeni.

"Sasa wewe utarudi peke yako?" akaniuliza. "Hapana, bwana. Kwetu hiyo ni aibu."

Akageuza baiskeli, akanirudisha Makadara. Pale kwangu nikamwambia maneno yale yale, tena kwa ukali, maana nami nina kwetu. Nikamrudisha. Tulikwenda na kurudi hivyo mpaka tukaanza kujicheka, na mwishowe tukaachana katikati ya njia ili asiwepo wa kumdai mwenziwe heshima. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Kwa hiyo nilinunua baiskeli ili nimsindikize mtu. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na sijawahi kuwa na nyingine. Nilikuwa mtu mzima mwenye tai, na sikujua kuiendesha. Alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, akikimbia nyuma akiwa ameshika kiti huku akinitukana kwa lugha yao, na vijana waliokuwa wakicheza wakasimamisha mchezo ili watazame karani akianguka. Nilianguka vya kutosha. Lakini nilipata usawa, na kuanzia hapo hatukuhitaji tena kumaliza viatu.

Miaka ilipita hivyo. Alinieleza kila kitu cha reli, na mimi nilimweleza ubaya wote wa mkubwa wangu, jambo ambalo halikuisha kwa Jumapili moja. Tulizungumza juu ya watoto wetu, ambao tuliwajua zaidi kwa picha kuliko kwa sura. Tuliendesha polepole, bega kwa bega, madereva wakitupigia honi. Tulikuwa na sheria moja: hadithi haikatwi. Kama tumefika mahali pa kuachana na hadithi haijaisha, tunageuka. Ninaamini kwamba yeye, kama mimi, alikuwa akianza hadithi ndefu kwa makusudi kila tulipokaribia kuachana.

Kisha akahamia mtaa wa Fedha. Alikuwa amepata nyumba ya kupanga kule Embakasi, nyumba ya vyumba vitatu, na mkewe na watoto walikuwa wanakuja ili wasome mjini. Aliniambia habari hiyo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Ni mbali kidogo, lakini."

"Mbali ni kwa anayetembea," nikamwambia.

Nilimpongeza, tena kwa moyo safi. Lakini nikiwa peke yangu chumbani nilifurahia jambo lingine. Nilifurahia ile barabara. Kutoka Makadara unafuata Jogoo Road hadi Donholm, kisha unashika barabara ya Outering, nyasi upande huu na upande ule, ng'ombe wa watu wakivuka wanapotaka, upepo ukikupiga kifuani mpaka uzione nyumba mpya za Fedha. Nilijiambia kwamba njia ikiwa ndefu, maongezi nayo yatakuwa marefu. Mtu mwenye njaa huona sufuria kubwa akadhani imejaa chakula.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake kila Jumapili, kwa sababu yeye alikuwa na familia. Alikuwa akinisindikiza hadi Donholm, mimi nikimrudisha hadi mahali tunapoziona nyumba za kwao, naye hakukosa kunirudisha tena.

Siku moja kwenye Outering tulimkuta kijana wa Kihindi amekaa kando ya barabara, baiskeli yake nyembamba imepinduliwa magurudumu juu. Alikuwa amepata pancha na wenzake walikuwa wametangulia. Walikuwa wale waendeshaji wa Jumapili, wenye kofia ndogo na kaptura za kubana. Tulimpa pampu. Akizungumza kwa adabu, akatuuliza kama na sisi ni wa klabu.

"Hapana," nikasema.

"Kwa wiki mnaenda maili ngapi?"

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kupima. Yeye akatuambia zake: Athi River na kurudi, na siku nyingine Thika. Alisema ni kwa ajili ya mapafu na mashindano, na kwamba daktari wa baba yake anasema inafaa moyo.

"Na nyinyi ni kwa nini?"

"Mimi namsindikiza huyu," rafiki yangu akasema.

"Mwongo. Mimi ndiye ninayemsindikiza," nikasema.

Kijana alicheka akidhani tunafanya mzaha, akapanda na kutuacha. Tulicheka naye, lakini nilipofika kwangu nililiwaza swali lile. Watu wale walikuwa wakienda mbali ili wafike mahali fulani kisha warudi. Sisi tulikuwa tukienda mbali ili tusifike. Niliona sisi ndio wenye akili.

Mke wa rafiki yangu alikuwa mwanamke mwema, sina neno baya juu yake. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza alinichinjia kuku. Ya pili pia, na ya tatu. Kwao mgeni hapewi mboga za majani. Aliniwekea mapaja, akaniwekea na firigisi, akasimama kuhakikisha kwamba naila. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akicheka. Wenyeji huenda walipona, ila kuku hawakupona. Mimi nilikuja kila Jumapili, na kila Jumapili walikuwa wakichinja, na hakuna kati yetu aliyejua namna ya kuacha bila kumwaibisha mwingine.

Kisha Jumapili moja nikaletewa ugali na sukuma wiki. Mama wa nyumba aliomba radhi mara mbili. Nilimkatiza. Moyo wangu ulijaa furaha ambayo sikuweza kuieleza mbele ya watoto, maana nilijua maana yake: sikuwa mgeni tena, nilikuwa mtu wa pale. Nilikula mpaka nikaomba nyingine. Njiani nilimwambia rafiki yangu, "Leo mmenifanya ndugu." Alicheka kidogo, akasema upepo wa leo ni mkali.

Sikuliona lililokuwa wazi. Alikuwa akifanya kazi kwa zamu, mchana wiki hii na usiku wiki ile, na Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akionana na watoto ambao alikuwa amewakosa miaka yote ile. Mimi nilikuwa nikifika wakitoka kanisani, na kumchukua mpaka giza linapoingia. Nilikuwa na hamu mno ya kuwa mtu wa nyumbani hata sikutazama wenye nyumba.

Jumapili ya mwisho tulikuwa tumesimama mlangoni tayari kuondoka. Binti yake mdogo alimshika suruali.

"Baba, utarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Kila siku unasema sasa hivi."

Mama yake alimwita kwa ukali kutoka ndani. Mimi niliinama nikajifanya naangalia cheni, lakini nilikuwa nimesikia, na rafiki yangu aliona kwamba nimesikia.

Tuliondoka. Hakuendesha kando yangu kama kawaida, alibaki nyuma kidogo. Nilianza habari za ofisini. Akaitikia, "Eeh," na "Kweli," na baada ya hapo hadithi ikaisha na hakuna aliyeanzisha nyingine. Niligeuka mara moja, nikamwona akitazama jua, namna mtu anavyotazama saa ya ukutani akiwa amekaa mbele ya mkubwa wake.

Nyumba za Fedha zilipoishia, kabla hata hatujaingia Outering, nikasimama.

"Ndugu yangu, ishia hapa," nikamwambia. "Watoto wanakungoja. Mimi nitafika."

Ni lazima nieleze kwamba maneno hayo si kitu. Kila anayesindikizwa huyasema, na kila anayesindikiza huyakataa. "Rudi sasa, inatosha." "Hata kidogo, twende." Nilikuwa nimemwambia hivyo kila Jumapili tangu Makongeni, naye alikuwa amekataa kila Jumapili, na ndiyo adabu yenyewe. Nilipoyasema siku ile mguu wangu ulikuwa tayari umerudi kwenye pedali. Nilikuwa nikingoja akatae. Nilitaka akatae kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine Nairobi.

Alinitazama.

"Kweli?"

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema ninatania, twende zetu. Kiburi kikanizuia.

"Kweli kabisa."

"Asante," akasema, na pumzi ikamtoka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani. "Asante sana, ndugu yangu."

Akanipa mkono, akageuza baiskeli, akapanda. Hakupunga. Nilisimama kando ya barabara, mguu mmoja chini, nikamtazama akiinuka kutoka kwenye kiti na kukanyaga kwa mwili wote, shati likijaa upepo mgongoni, akikwepa mashimo bila kupunguza mwendo. Miaka yote tuliyosindikizana, sikuwahi kumwona akienda kasi namna ile.