Daftari la Kufa Kupo

Muhidin wa Igogo alikuwa fundi wa majiko ya mkaa, na kwa miaka ishirini na minane alizungumza zaidi na mabati kuliko na watu. Bati ukiligonga linajibu, halafu linanyamaza; watu hawana adabu hiyo. Kwa ukimya wake, chama cha kuzikana cha mtaa wao, kilichoitwa Kufa Kupo, kilimkabidhi daftari. Walidhani asiyesema ni mtunza siri. Kumbe alikuwa mwoga tu.

Daftari lilikuwa na jina la kila mwanachama na, mbele ya jina, mahali anapotaka akazikwe, ili siku ya msiba ndugu wasigombane huku maiti akisubiri. Wengine waliandikisha Magu, wengine hapohapo mjini. Muhidin mwenyewe, ambaye babu yake alitoka Tabora na bibi yake Ukerewe, alijiandika: "Popote, ila mbali na shemeji."

Jumanne moja akaja Masele. Huyu aliuza makava ya simu mpaka alipojipatia kofia nyekundu, filimbi na vijana sita, akajiita Kamanda wa Wazawa.

"Shikamoo, mzee Muhidin. Nataka daftari la Kufa Kupo."

"Marahaba. La nini?"

"Kwao mtu ni pale anapozikwa. Anayetaka kuzikwa kwingine ahamie huko akiwa mzima, atuokolee nauli ya jeneza. Ijumaa saa kumi nalisoma uwanjani, na watakaotajwa, siku saba wawe wametoka. Naanza na mwalimu Mutalemwa. Mnasema ni Mhaya. Nani kathibitisha kama si wa ng'ambo ya mpaka?"

Mutalemwa, mstaafu kutoka Kamachumu, alikuwa ameishi mtaani pale miaka thelathini na kufundisha hesabu nusu ya mtaa, wakiwemo wale vijana sita, ingawa kwa hao hakujivunia.

Muhidin akafungua kinywa akatae. Likatoka neno lililozoea kumtoka: "Sawa."

"Umesema sawa?" mkewe Hadiya aliuliza aliposimuliwa nyumbani.

"Ilinitoka."

"Kumbe! Na mimi siku ya ndoa nikadhani ulisema kwa mapenzi. Haya, baba Nusrat, utamtazamaje Mwalimu?"

Kesho yake Muhidin alitia daftari kwapani, akaenda kuuliza wanachama kama wanakubali lisomwe. Alianza kwa Teodora, mjane muuza dagaa.

"Lisomwe," alisema Teodora. "Mwalimu aondoke. Kwenye msiba wa mume wangu alisema mbele za watu kwamba wali wangu haujaiva."

Muhidin akatazama vidole vya miguu yake. "Na jeneza la marehemu, mbele kulia, alibeba nani?"

Teodora akageuza dagaa juani, akawageuza tena bila sababu. "Alilibeba upandeupande."

"Lakini alibeba."

"Alibeba." Akapangusa mikono. "Mimi umeniandika wapi?"

"Kwimba."

"Futa. Andika Kamachumu, kwa Mwalimu. Nikamkere huko milele na milele. Kamanda akitaka kunitoa, anitoe na dagaa wangu."

Maneno hayo yalifika kila ua kabla ya Muhidin. Hadi Alhamisi jioni, ukimtoa Mwalimu, watu sitini na mmoja kati ya sitini na wanne walikuwa wamehamishia makaburi yao Kamachumu. Watatu walikataa. Mmoja alisema Kamanda ana hoja, akafunga mlango. Na huyo ndiye aliyepakana na Muhidin ukuta kwa ukuta.

Mwalimu alikuja mbio. "Muhidin, kibanja changu kina migomba themanini tu! Hawa wote nitawalaza wapi? Na ninyi Waislamu mmeangalia kule kibla iko upande gani?"

"Hatujaangalia, Mwalimu."

"Nilijua hamkupiga hesabu." Akaketi juu ya jiko ambalo halijamalizika, akaifuta miwani yake muda mrefu kuliko uchafu wake.

Ijumaa uwanja ulijaa. Masele akapuliza filimbi, akafungua daftari alilokabidhiwa na Muhidin. "Mutalemwa, Kamachumu!" Vijana wakapiga makofi. "Teodora, Kamachumu. Yassin... Kamachumu? Hellen, Kamachumu." Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Alipofungua ukurasa wa pili, sauti ilimpungua.

"Suzana... Mama?"

"Nipo," mama yake alijibu kutoka nyuma. "Nasikia kule kuna baridi nzuri. Endelea kusoma, mwanangu, siku saba ni chache, nina vitu vya kufungasha."

Hata vijana sita walicheka. Kamanda akafunga daftari, akaondoka akisema usalama si mambo ya utani.

Wiki iliyofuata alipanda mtaa wa juu, kule mawe yanakobebana, ambako watu wamepanga vyumba na hakuna aliyewahi kumzika jirani. Hakuhitaji daftari: aliyeulizwa nani si mzawa alimwonyesha wa chumba cha pili. Familia mbili ziliteremka mchana kweupe na magodoro kichwani, wenzao wakichungulia dirishani. Hadiya alizikuta njiani, akarudi kumwambia mumewe.

Muhidin akaweka nyundo chini, akatia daftari jipya kwapani. Alipanda mawe, akabisha mlango wa kwanza. Mama mmoja alifungua nusu, akamtambua kuwa ni yule mtu wa misiba, akashika kifua.

"Nani kafa?"

"Bado," alisema Muhidin. "Naomba niingie."