Gemu ya Mbuzi na Mkono wa Fundi Risasi

Jina la Risasi alipewa na mjomba wake aliyemfundisha kazi, kwa sababu siku za mwanzo alikuwa akiunga waya mmoja kwa risasi ya kutosha kuunga kumi. Ile laini ya kuyeyusha, siyo ya bunduki. Watu wengine hawajui tofauti, na kuna siku askari alisimama mlangoni pa duka akauliza kwa upole ni nani huyo anayepiga kelele kwenye simu kwamba risasi zimemwishia na anataka nyingine kabla ya Ijumaa. Yakaisha kwa kicheko, na askari akaacha redio yake itengenezwe.

Duka ni chumba kimoja chini ya ngazi, kati ya fundi viatu na mpiga picha za vitambulisho. Ndani kuna meza, taa ya shingo ndefu na viti viwili, kimoja cha mteja na kingine cha televisheni ambayo mwenyewe amesema anakuja kesho tangu mwaka juzi. Mbele hapo Fundi Risasi hutengeneza redio, pasi na feni. Nyuma ya pazia kuna mambo yake mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyomfanya ajulikane hata na watu asiowahi kuwaona uso kwa uso.

Hukusanya gemu ambazo hazikutoka. Gemu za zamani tu hazimpi shida, hizo wengi wanazo. Anazozitafuta ni zile zilizotengenezwa zikafika nusu, au zikafika mwisho kabisa, halafu kampuni ikabadili mawazo, au bosi mpya akaingia akasema basi. Gemu ya namna hiyo haikufika dukani hata siku moja. Ipo kwenye diski moja kabatini kwa mtu, au kwenye kaseti moja, na mwenye kabati akihama nyumba, imekwenda. Risasi ana kompyuta kumi na moja za enzi zile kompyuta nzima ilipokaa ndani ya kibodi, ukaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni na kupakia gemu kutoka kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Zote zinawaka. Akipata gemu huinakili, huwatumia wenzake wa mtandaoni wenye ugonjwa kama wake, kisha huiandika daftarini: imetoka kwa nani, ilifika wapi, nani aliikatiza.

“Wenzangu waume zao wana nyumba ndogo,” mkewe, Mama Pacha, huwaambia majirani. “Wangu ana kompyuta ndogo. Na zote mbovu.”

“Siyo mbovu,” Risasi hujibu kutoka ndani. “Zimechoka tu, kama mimi.”

Jumatatu moja asubuhi aliingia mama mmoja mrefu, muuguzi aliyestaafu, ambaye mitaa ile bado watu humwita Sista. Alikuwa na mkoba mkubwa. Akatoa redio kaseti ya zamani yenye mpini, na kaseti moja isiyo na jina, akaviweka mezani.

“Wewe ndiye unayetunza michezo iliyokufa?”

“Haijafa, sista. Haikutoka tu. Karibu ukae. Hapo siyo, hiyo ni televisheni ya mtu.”

Akakaa penye nafasi, akaeleza. Vitu vile vilikuwa vya mdogo wake, aliyefariki mwaka uliopita. Zamani, wakiwa vijana, kampuni moja iliyouza kompyuta za nyumbani ilimwagiza atengeneze gemu. Akajifungia chumbani miaka miwili. Kisha kampuni ikaacha biashara ya kompyuta, ikamwandikia barua ya mistari mitatu.

“Yeye akasema haidhuru, gemu ameshaimaliza, ipo kwenye kaseti. Kaka yetu mkubwa akasema hakuna cha gemu wala nini, mtu alikuwa amelala miaka miwili. Akampa jina, Mheshimiwa Godoro. Fundi, jina lile halikumtoka. Hata kwenye msiba kuna mtu mzima na akili zake alilitamka.”

“Na wewe unataka nini?”

“Nataka kujua. Kama ilikuwepo, kaka mkubwa aione kwa macho yake. Kama mdogo wangu alilala, basi alilala, nitamcheka na kumsamehe. Lakini kukaa bila kujua nimechoka.”

Risasi aliinua kaseti kwenye taa. Ndani ya kidirisha kulikuwa na unga wa kahawia. Ukanda ulikuwa unabanduka, na kila ukichezwa ungeacha unga zaidi, na unga ule ndio gemu yenyewe.

“Hii itavumilia mara mbili,” alisema. “Mara tatu ikitupenda. Baada ya hapo tutabaki na plastiki.”

Wakaendelea kuongea. Sista aliulizia pacha, mabinti wa fundi, akaambiwa wote wameolewa, mmoja kwa fundi umeme na mwingine kwa mtu wa bima. Na huku mdomo ukiongea, mkono wa Risasi ulikuwa kazini. Ndani ya redio kaseti kuna kidude cha chuma kinachoitwa kichwa, ndicho kinachosoma ukanda unapopita, na pembeni yake kuna skrubu ndogo ya kukiinamisha au kukinyoosha. Mjomba alimfundisha kwamba redio kaseti ikitua mezani, kabla hujauliza inaumwa wapi, nyoosha kichwa. Miaka arobaini alikuwa amefanya hivyo. Alifungua kifuniko, akaweka kaseti yake ya kupimia, akazungusha skrubu robo duara, akapangusa, akafunga. Hata hakujua kama amefanya.

Kesho yake aliketi nyuma ya pazia, akaunganisha redio na kompyuta ya siku hizi ili anase sauti yote kwa mpigo mmoja, akabonyeza. Gemu ya kaseti ukiisikiliza ni mlio mkali, kama nzige waliofungiwa kwenye bati. Hii ilitoka na mlio wa nzige waliofunikwa blanketi. Dakika sita nzima alisubiri ikae sawa, haikukaa. Alipojaribu kuipakia kwenye kompyuta ya zamani, skrini ilimwambia haisomeki. Alipotazama kichwa cha redio, kimejaa unga.

Akakitazama muda mrefu. Ndipo alipoikumbuka bisibisi ya jana.

Redio ile ilikuwa imepinda kichwa tangu zamani, na marehemu alirekodi gemu yake kwa kichwa kilekile kilichopinda. Kaseti imepinda, redio imepinda, na miaka yote ile zilikuwa zinaelewana. Sasa yeye amekuja na unyoofu wake. Angetaka kuutafuta upindo ule kwa kuichezacheza kaseti, ingeisha kabla hajaupata.

Mchana akaenda nyumbani. Mama Pacha alimtazama anavyokisukumasukuma chakula kwenye sahani.

“Kuna nini, Baba Pacha?”

“Nimeiharibu redio ya Sista.”

“Wewe? Umeifanyaje?”

“Nimeitengeneza.”

“Ikaharibika.”

“Ikatengenezeka. Ndiyo shida yenyewe.”

Alipomaliza kumweleza, mkewe aliondoa sahani. “Nenda ukamwambie leo. Ukingoja kesho utakuwa umeshapanga maneno, na wewe ukipanga maneno huwa unajitetea.”

Alimkuta Sista anakunja mashuka sebuleni. Akamwambia yote akiwa amesimama, bila kupanga: mkono, skrubu, dakika sita, unga. Sista alikunja shuka moja akamaliza, akachukua la pili, akalikunja pembe kwa pembe, akalilaza juu ya lile la kwanza. Risasi aliona afadhali angefokewa.

“Nimekaa wodini miaka thelathini na nne,” Sista alisema mwishowe. “Mkono unaofanya kazi peke yake naujua. Mimi niliwahi kumchoma sindano mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Alikuwa amekaa kitandani, basi. Alisema asante.”

Risasi hakujua kama anaruhusiwa kucheka.

“Kaa chini, fundi. Tumebakiwa na nini?”

“Mara moja. Lakini lazima nijue kichwa kilikuwa kimelala vipi. Kuna kaseti nyingine yoyote aliyorekodi kwa redio hii? Yoyote, hata ya kuku wanalia.”

Sista akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. Sista alipokuwa shule ya uuguzi, mbali na nyumbani, mdogo wake hakupenda kuandika. Barua zake alikuwa akizisema kwenye kaseti na kuzituma. Zilikuwa nne.

“Tangu tumzike sijazifungua,” alisema. “Nitakuja nazo mwenyewe. Usizicheze bila mimi.”

Siku iliyofuata walikaa wawili nyuma ya pazia, magoti yakigusana na rafu. Barua zile zilikuwa kaseti za aina nzuri, ukanda mzima, zisizo na unga. Risasi aliweka ya kwanza. Sauti ikatoka kama ya mtu anayesemea ndani ya gunia.

“Sikiliza herufi ya s,” alimwambia Sista. “Kichwa kikiwa pabaya, s haisikiki. Utanisaidia, masikio yangu yamezeeka, sauti za juu hayazisikii tena.”

Akagusa skrubu, kiasi cha unywele mmoja. Gunia likafunguka kidogo. Akagusa tena.

“Ongeza,” Sista alisema. “Ongeza. Hapana, umepita, rudi.”

Na pale, wazi kabisa, kijana mmoja akasema chumbani mwao: “Dada, salamu sana. Umeondoka na sabuni yangu. Mama sitamwambia, ila sitasahau.”

Sista alicheka kwa sauti mpaka fundi viatu akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha akaanza kutafuta leso ndani ya mkoba, akaitafuta muda mrefu kupita ukubwa wa mkoba. Risasi alijishughulisha na skrubu. Aliitia tone la rangi ya kucha isicheze, akaupangusa unga wote, akaweka kaseti ya gemu.

“Tayari?”

“Wewe bonyeza. Usiniulize.”

Nzige wakatoka bila blanketi. Walilia dakika sita, ukanda ukikwaruza, unga ukidondoka, na dakika ya tano sauti ikayumba kidogo. Ikakaa sawa tena. Ikafika mwisho. Alipoitoa kaseti, sehemu za ukanda zilikuwa zinapitisha mwanga kama kioo. Lakini sauti yote ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Akaipeleka kwa ile mashine ya zamani. Skrini ilipiga mistari ya rangi, ikawa nyeusi, kisha yakaja maandishi makubwa ya manjano: MBUZI OFISINI.

Mbuzi mdogo mweupe alisimama kwenye mlango wa jengo la ghorofa saba. Kazi yake ni kula mafaili yote ya ghorofa moja kabla karani mkuu hajamkamata, kisha kupanda ngazi. Karani mkuu alikuwa na kitambi, na kila alipotaka kukimbia alisimama kwanza akakohoa.

“Eh!” Sista akaruka. “Huyo ni kaka mkubwa! Huyo ni yeye! Anakohoa hivyo hivyo mpaka leo!”

Walicheza kwa kupokezana mpaka saa saba mchana. Sista, ambaye hakuwahi kushika gemu maishani, alimfikisha mbuzi ghorofa ya sita. Mafaili yakaisha, mbuzi akapanda ngazi, akafika kwenye mlango uliofungwa. Juu yake kuliandikwa: GHOROFA HII BADO. NAIMALIZA WIKI IJAYO.



“Labda ni ule unga uliobanduka,” Sista alisema.

“Hapana, sista. Kaseti imefika mwisho salama. Haya kaandika mwenyewe.”

Risasi alifungua daftari. Sista alimwona anashika kalamu.

“Utaandikaje? Andika imekamilika. Nani atajua?”

“Nitajua mimi. Na wenzangu nitakaowatumia watapanda ngazi hizo hizo.” Akaandika polepole, akisoma kwa sauti ili asimfiche neno: gemu ya kaseti, haikutoka, kampuni iliacha, imeletwa na dada yake, ghorofa sita kati ya saba, zote zinachezeka.

Sista aliisoma mwenyewe mara ya pili. Kisha akachukua simu, akampigia kaka yake mkubwa, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi.

“Ipo,” alisema. “Ile gemu. Nimeicheza leo.”

Upande wa pili mtu alikohoa. “Alikuwa amemaliza?”

“Alitudanganya ghorofa moja.”

“Kati ya ngapi?”

“Saba.”

Upande wa pili kiti kikaburutwa, mtu akaketi.

“Ghorofa sita,” yule mzee alisema. “Miaka miwili, peke yake?”

“Peke yake.”

“Na inahusu nini?”

Sista alimtazama fundi, akaziba mdomo kwa mkono, akasubiri kicheko kipite.

“Njoo uone mwenyewe,” alisema. “Wewe umo.”